Risala ya Wanamuziki wa Pito kwa Mwenye Shamba Lililomeza Gitaa

Mgeni rasmi, Bwana Lutengano, afisa kilimo mstaafu na mmiliki wa shamba lililo mbele yetu, mwenyekiti wa mtaa, katekista wetu, majirani mliokuja kwa heshima na majirani mliokuja kwa ajili ya soda: Tumsifu Yesu Kristo, na poleni na baridi.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, sisi wanachama kumi na mmoja wa Kikundi cha Wanamuziki Wasio na Vyombo, kwa kifupi KIWAVYO-Pito, tunayo furaha kubwa kukuona umeketi. Tunajua kutoka Mbeya si karibu. Tunajua pia kwamba watu wa Mbeya mkialikwa Sumbawanga huwa mnatazama kwanza mawingu. Ondoa shaka. Anga la leo tumelikagua tangu asubuhi, na radi yote iliyomo ni ya Mungu.

Tunaomba radhi mapema kuhusu utepe. Barua ya mwaliko ilisema unakuja kuzindua mradi, na utepe tumeufunga kweli, kutoka kwenye ule mkaratusi mpaka nguzo ya uzio wako. Nyuma ya utepe hakuna mradi. Kuna shamba lako mwenyewe. Tuliona tukiandika ukweli usingekuja, maana umeshatufukuza hapa mara tatu, na mara ya tatu ulikuja na mgambo. Lakini mkasi upo, utepe upo, na mtu akishakaa kwenye kiti chenye kitambaa hufikiri mara mbili kabla ya kufukuza watu.

Ninayesoma ni mimi Agnesi, katibu. Ili usipotee njiani: mwenyekiti wetu, Cleophas, huyo mwenye shati jeupe, ni mume wangu. Mpiga gitaa la solo, Marselino, aliyekaa kiti cha pembeni, ni kaka yangu wa tumbo moja. Hao wawili ni mashemeji, na mambo yote utakayoyasikia leo yamepita katikati yao, na katikati yao nimekaa mimi.

HISTORIA YA KIKUNDI

Mgeni rasmi, zamani tulikuwa bendi. Tuliitwa Upepo wa Mbizi. Tulipiga harusi na ubatizo kuanzia hapa Pito hadi Milepa, na siku moja tulipiga mnadani mpaka ng'ombe wakagoma kuondoka. Kilichotuangusha hakikuwa husuda wala uchawi, ingawa tulijaribu sana kusingizia vyote viwili. Kilichotuangusha ni mikono yetu.

Bi Mariana ndiye aliyekuwa na amplifaya. Ilikuwa ya zamani, ile yenye taa za vioo ndani zinazowaka na kutoa joto. Ukafika Juni, na Juni ya huku unaijua, vifaranga wake kumi na wawili wakaanza kufa ganzi. Bi Mariana akafungua kifuniko cha nyuma, akawapanga humo, akaiwasha. Vifaranga walipona wote. Walipopata nguvu wakala karatasi ya spika. Walipopewa maji wakayamwaga kwenye nyaya. Jumapili iliyofuata tuliiwasha mbele ya bwana na bibi harusi, ikatoa mlio mmoja tu na harufu ya kuku wa kuchoma, ingawa kuku wenyewe walikuwa nyumbani, wazima.

Yohanes, ambaye ni fundi rangi, alibakiwa na rangi ya mafuta ya bluu nusu kopo. Akaona ni dhambi kuimwaga. Akalipaka gitaa lake la ridhimu, mbele, nyuma na shingo, na nyuzi nazo akazipaka kwa kuwa zilikuwa na kutu. Ilipokauka, gitaa likawa linatoa sauti ya meza. Leo mkewe analikatia mchicha, na anasema halina mfano kwa kazi hiyo.

Eustaki aliingiliwa na fuko shambani. Akachomoa uzi mwembamba wa gitaa lake akatega. Fuko akaondoka na uzi. Akachomoa wa pili. Tulipiga naye kwa nyuzi tano, tukapiga naye kwa nne, kwa tatu. Alipobaki na uzi mmoja alikuwa bado anasimama mbele na kufumba macho kama zamani. Fuko wale, mgeni rasmi, wana bendi kamili huko chini.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Sisi tuna wajukuu wa kutosha kufungua chekechea. Ndipo tukaunda kikundi, na sharti la uanachama ni moja: uwe umeuza au umeharibu chombo chako kwa mkono wako mwenyewe. Alikuja bwana mmoja wa mjini ambaye gitaa lake liliibwa. Tulimpa pole, tukampa chai, tukamkatalia. Yule ni mtu aliyeonewa. Hawezi kutuelewa.

Tulipokwenda kuandikisha kikundi, karani aliuliza shughuli yetu ni nini. Bi Mariana akamjibu, "Kujuta." Karani akatazama fomu mbele na nyuma, akasema, "Mama, kujuta haimo. Nawaandikia ufugaji wa kuku." Kwa hiyo cheti chetu kinasema sisi ni wafuga kuku, na mara mbili tumeletewa chanjo.

HISTORIA YA GITAA LENYEWE

Mgeni rasmi, katika uharibifu wote huo gitaa moja tu lilibaki salama. Ni gitaa jekundu la kaka yangu Marselino. Baba yetu alilinunua alipokuwa akifanya kazi kwenye migodi ya shaba Zambia, akarudi nalo mgongoni, na alipokufa hakuacha kitu kingine cha kugombania. Nyimbo zetu zote zilizaliwa humo.

Miaka mitano iliyopita, mwezi Machi, shamba hili tulikuwa tunalikodi. Mimi na wanawake wenzangu wanane tulipiga matuta, yale ya duara ya kufukia majani ili yaoze yawe mbolea. Kwa Kifipa tunayaita intumba. Wewe uliyapiga vita miaka thelathini ukitaka mistari, kwa hiyo unayajua vizuri kuliko unavyopenda. Tulipiga matuta mia tisa, yote yamelingana, hata mbuzi alikuwa anapotea.

Mwezi huohuo wezi walikuwa wanapita nyumba hadi nyumba. Marselino alipata msiba Milepa, akaenda siku nne, akamwachia shemeji yake gitaa alilinde; alimkabidhi kwa mkono wake mwenyewe, na kwa hilo tumemhesabu mwanachama. Mwenyekiti wetu, kwa maelezo yake mwenyewe, aliona hakuna mwizi atakayefikiria kufukua tuta. Akalifukia gitaa ndani ya tuta. Marselino aliporudi na kuliulizia, Cleophas akamleta hapa, akasimama pale penye uzio, akayatazama matuta mia tisa.

"Lilikuwa karibu na ng'ombe," akasema.

"Ng'ombe yupi, shemeji?"

"Mwekundu. Alikuwa amesimama hapahapa."

Ng'ombe alikuwa wa Eustaki, na ng'ombe ana miguu minne. Kwa kawaida matuta yangebomolewa mvua za Novemba zilipoanza, na gitaa lingeonekana lenyewe. Lakini Septemba mwenye shamba alikuuzia wewe, nawe ukaliacha lipumzike miaka mitano, majani yakaota juu ya matuta. Hatukulaumu. Ardhi nayo inachoka.

MAFANIKIO

Tangu mwaka huo, kila Jumamosi baada ya chai, tumekuwa tukiingia shambani kwako na kuchimba. Tunafungua tuta, tunatazama, tunalifunga na kulirudishia majani yake kwa adabu. Mpaka sasa tumefungua matuta mia sita na kumi na moja. Idadi hiyo si ya kuaminika sana. Mwanzoni tuliweka vijiti kwenye matuta tuliyomaliza, lakini mlinzi wako alivikusanya akachemshia uji. Kuna matuta tumeyafungua mara tatu, na lipo moja karibu na kisima ambalo tukilifungua sasa tunalisalimia.

Mlinzi huyo, Masalu, nitamtaja kwa heshima. Ulimweka atufukuze. Siku ya kwanza alitujia na rungu akauliza, "Nyie wazee, mnatafuta rupia alizofukia Mjerumani?" Tukamwambia tunatafuta gitaa. Akacheka mpaka akakaa chini. Jumamosi ya pili akaja kutazama tu. Jumamosi ya tatu akaja na jembe, akakiri kwamba huko kwao aliwahi kuuza kinanda cha kaka yake akanunua viatu, na viatu vikambana. Sasa ni mwanachama namba kumi na moja. Mshahara wake unamlipa wewe, na tunakushukuru kwa ufadhili huo.

Muziki nao hatujauacha. Tunapiga kwa midomo. Marselino anaimba solo kwa ulimi, Alois anavuma besi kifuani, Bi Mariana anapiga makofi. Mwaka jana tulialikwa sherehe ya kipaimara Milepa. Nyimbo nne watu walicheza, vumbi likapanda. Kwenye wimbo wa tano Alois alipaliwa na wali, na bendi nzima ikazimika kana kwamba umeme umekatwa.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni hizo rupia. Habari kwamba watu wazima wanachimba kila Jumamosi zilifika mjini, na mjini hakuna anayeamini kwamba mtu anaweza kuchimba miaka mitano kwa sababu ya gitaa. Walikuja vijana na mashine ya kupimia madini. Alikuja mganga kutoka Muze na jogoo. Na wewe mgeni rasmi, usikasirike, siku ile ulipotufukuza mara ya tatu ulimvuta mwenyekiti wetu pembeni ukamuuliza kwa sauti ya chini, "Lakini mmeona hata moja?" Hatujaona hata moja. Tumeona viazi, funza, na kijiko cha mama mkwe wangu.

Changamoto ya pili ndiyo iliyotuleta hapa. Wiki iliyopita ulimpigia simu Masalu kwamba trekta linaingia Jumatatu. Mgeni rasmi, trekta halitazami ndani ya tuta. Sahani za jembe lake zitapita kwenye gitaa la baba yetu kama zinavyopita kwenye bua la mahindi. Kaka yangu ana miaka sitini na mitatu. Hana gitaa jingine, hana pa kupata jingine, na miaka mitano hii hajamfokea shemeji yake hata siku moja. Anakuja kila Jumamosi wa kwanza na kuondoka wa mwisho.

MAOMBI

Maombi yafuatayo yamepitishwa na kamati chini ya mwenyekiti. Kwanza, tunaomba trekta lisimame mwezi mmoja. Pili, tunaomba utuache tubomoe matuta yaliyobaki kwa jembe, na tutakutandazia udongo wake na kukupandia ulezi shamba lote bila ujira, kwa mistari, ukitaka. Tatu, tunaomba Masalu asifukuzwe kazi.

Hapo ndipo risala ya kamati inapoishia, na hapo ndipo mwenyekiti alipoweka sahihi.

UKURASA AMBAO MWENYEKITI HAKUONYESHWA

Mgeni rasmi, ukurasa huu tumeuandika mimi na kaka yangu. Wengine hawaujui, kwa hiyo ukiona wanashangaa, wanashangaa kweli.

Maombi ya kwanza na ya pili tunayaondoa. Trekta lije Jumatatu. Tunaomba tu lizunguke tuta moja.

Hapa niliandika: Mwenyekiti, kaa. Niliandika hivyo jana jioni, nikijua kwamba hapa utakuwa umesimama.

Mwanamke aliyepiga matuta anayajua matuta yake. Mia tisa niliyapiga na wenzangu, na asubuhi moja nilipopita nikaona ni mia tisa na moja. Hilo moja lilikuwa limepinda, majani yametokeza nje pande zote. Hakuna mwanamke wa Ufipa anayeweza kupiga tuta lile, hata akiwa mgonjwa. Nikajua ni kazi ya mume wangu. Marselino aliporudi kutoka msibani na kuambiwa habari za ng'ombe, nilinyamaza siku mbili, kisha nikamwonyesha. Akaja akafukua peke yake.

Wezi walikuwepo, hilo ni kweli, lakini gitaa halikufichwa wezi. Marselino alipokuwa Milepa, Cleophas alilichukua bila ruhusa akaenda kupiga harusini huko Muze. Kurudi, alipanda juu ya lori la mpunga, akalala, akaliweka gitaa chini ya kichwa. Mlimani lori liliruka. Gitaa lilivunjika shingo. Alijaribu kuliunga kwa gundi ya viatu, akashindwa, akalizika.

Kaka yangu alilikuta vipande viwili. Hilo lingetosha kuvunja undugu, na nilikuwa nimesimama kando nikisubiri livunjike. Lakini gitaa lilikuwa limevikwa koti. Ni koti la harusi yetu, la pekee alilokuwa nalo mume wangu. Lilikuwa limefungwa vifungo vyote, mpaka cha juu kabisa. Marselino alilitazama sana. Kisha akaniambia, "Dada, mtu aliyefunga vifungo vyote hivi hakuharibu kwa dharau. Niache nimsubiri aseme mwenyewe."

Akalifukia tena. Na kwa kuwa mama yetu alimfundisha kazi, alilifukia vizuri, tuta likalingana na mengine. Kosa letu liko hapo, mgeni rasmi, na tunalikiri mbele ya katekista. Cleophas alikuwa analitambua tuta lake kwa ubaya wake. Mwanzoni alikuwa anatupeleka upande mwingine kwa makusudi. Siku moja akageuka kulitafuta kwa jicho na hakuliona. Tangu siku hiyo hata aliyelificha hajui lilipo, na nimemwona usingizi ukimpaa.

Kwa hiyo tumechimba miaka mitano, mmoja akisubiri nguvu za kusema, mwingine akisubiri kuambiwa, na watu wanane katikati wakitoa jasho bila kujua. Mara nyingi nilitaka kupiga kelele. Kaka yangu alikuwa ananiambia, "Jumamosi hii atasema." Kisha wanakaa hapo penye uzio wanagawana muhogo, na yule hasemi. Bi Mariana, Yohanes, Eustaki, Alois, Masalu na wenzetu wote, mtusamehe. Migongo yenu iko mioyoni mwetu.

Mtauliza kwa nini tumesema leo, mbele za watu. Ni kwa sababu ya Jumatatu. Aibu inayosomwa na mkeo, viti vikiwa vimepangwa, ni nafuu kuliko aibu inayofukuliwa na trekta na watoto wa shule wakiishangilia. Na sababu nyingine ni yangu mwenyewe. Nimechoka kumwona mume wangu akitetemeka kanisani kila Juni, akiulizwa koti liko wapi, naye akijibu kwamba siku hizi hasikii baridi.

Mgeni rasmi, tuta lenyewe nitakuonyesha mimi ukishakata utepe. Ni dogo, halitakupunguzia hata debe moja la mahindi. Tunaomba libaki kama lilivyo. Mungu akubarikie shamba lako likupe mazao hata kwa mistari, akurudishe Mbeya salama, na akukinge na vikundi vingine vitakavyokualika kuzindua kitu. Tunashukuru kwa kutusikiliza mpaka hapa.

Na wewe mwenyekiti: shemeji yako amekuja na koti. Liko kwenye kiroba chini ya kiti chake. Ni la mtumba, lakini zito, na vipimo nilimpa mimi. Anasema hatalitoa mpaka useme. Risala imeisha, mume wangu Baba Faith, na sitasoma neno jingine. Kipaza sauti kiko wazi. Njoo.

Ni sisi, wafuga kuku kwa cheti na wanamuziki kwa majuto,
KIWAVYO-Pito, Sumbawanga.

Imesomwa na Agnesi, katibu, mke wa aliyevunja na dada wa aliyevunjiwa.